Shati la Baba Mkwe

Kazi yangu miaka ile ilikuwa kuvua watu mashati. Nilikuwa muuguzi katika kliniki moja ya moyo mjini Nakuru, na tulikuwa na mashine ambayo watu walitoka Naivasha, Molo na Rongai kuja kuipanda. Waliiita mashine ya kukimbia, ingawa hakuna aliyekimbia. Ni mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini ya miguu, wenye vyuma vya kushikilia kandoni. Unatembea na hufiki popote. Kila baada ya dakika chache mkanda unaongeza mwendo na kuinuka upande wa mbele, mpaka unajikuta unapanda kama anayepanda mlima Menengai, huku nyaya zilizobandikwa kifuani zikichora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Moyo wenye shida unaweza kutulia vizuri kabisa mtu akiwa ameketi kitini. Ukimpandisha mlima, ndipo unajitaja.

Lakini kabla ya mlima kulikuwa na shati. Lazima kifua kiwe wazi. Nilikuwa namnyoa mtu nywele mahali pa vibandiko, nampangusa kwa spiriti, nabandika, naunganisha nyaya moja moja. Wanawake niliwafunika leso na hawakunisumbua. Taabu ilikuwa wanaume. Nimeona mkubwa wa ofisi fulani akivuta tumbo ndani mpaka akakosa pumzi kabla hata mkanda haujaanza kuzunguka. Nimeona mwenye duka la vitambaa aking'ang'ania fulana yake kana kwamba nataka kumwibia. Mchungaji mmoja aliomba kwanza, akaomba tena, akataka na mimi nifumbe macho.

"Boss, hapa hatupigi picha," nilikuwa nawaambia. "Toa shati twende."

Nilikuwa na mdomo, sikatai. Daktari wetu aliniacha nao kwa sababu ulifanya kazi. Mwenyewe alikuwa Kalasinga, mzaliwa wa Nakuru, ambaye babu yake alikuja nchini kujenga reli, na alikuwa mpole kupita kiasi. Alikuwa mkali juu ya jambo moja tu: mashine haiwashwi bila watu wawili waliosomea kazi hiyo kuwa chumbani. Yeye akiangalia mchoro, mwingine awe kando ya mgonjwa, apime presha na asimwondolee macho usoni. Ilikuwa sheria nzuri. Nimewahi kumdaka mtu aliyezirai juu ya mkanda, tukaanguka naye wote wawili, lakini kichwa chake hakikugonga chuma. Wasaidizi tulikuwa mimi na mwenzangu mmoja, mwanamume, kijana wa kutoka Kakamega.

Sasa nimlete baba mkwe.

Alikuwa mtu wa reli. Maisha yake yote ya kazi alitembea. Alfajiri alikuwa akitoka na nyundo na spana begani, anafuata reli kutoka mwanzo wa kipande chake hadi alipokutana na mwenzake wa kipande kilichofuata, anagonga chuma, anasikiliza, anakaza bolti zilizolegea, kisha anarudi kwa upande wa pili wa njia. Alipostaafu walinunua kishamba huko Rongai, karibu na stesheni, yeye na mama mkwe, wakalima mahindi. Hakuwahi kunenepa. Alikuwa na miguu mirefu myembamba na mgongo ulionyooka, na kila Jumapili alivaa shati jeupe, vifungo vyote hadi shingoni, awe na tai au asiwe nayo.

Kwetu magharibi, mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Hatupeani mkono. Kiti chake sikikalii, jikoni ninapopika haingii, na chumba chake cha kulala sikijui hata rangi ya ukuta. Miaka yote niliyokuwa nimeolewa, mzee yule hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Akitaka kunisifia chai, alimgeukia mama mkwe, nami nimesimama pale pale na birika mkononi.

"Mwambie mama chai ni tamu."

Mama mkwe naye ananitazama. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie baba asante."

Wafanyakazi wenzangu, wale wa makabila mengine, nilipowasimulia walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi sikuona cha kuchekesha sana. Nimezunguka na wanaume wengi wanaonisemesha moja kwa moja, na wengi wao ni maneno tu. Mzee huyu alinipenda bila kunisemesha. Siku nilipojifungua mtoto wa kwanza alitembea hadi sokoni, akanunua kuku mwekundu, akamfunga kwa kamba mlangoni kwangu na kuondoka bila kubisha hodi. Nilimpenda. Naona ni heri niseme hivyo wazi kabla sijaendelea.

Mwezi wa kumi wa mwaka 2007 tulikwenda Rongai kuwatembelea. Tulikuwa tunatoka kanisani, yeye na mume wangu mbele, mimi na mama mkwe nyuma, kama ilivyopasa. Kwa hiyo nilikuwa namwona mgongo. Tulipofika kwenye kilima kidogo kabla ya nyumba yao akasimama kusifia mahindi ya jirani. Yalikuwa mahindi mazuri, sawa. Tukaenda hatua chache, akasimama tena, akasifia mahindi ya jirani mwingine, akauliza mbegu gani ile. Mara ya tatu alisimama kando ya shamba lililokwisha kuvunwa. Hakukuwa na kitu humo isipokuwa mabua makavu na ng'ombe mmoja.

"Mabua haya ni mazuri," akasema.

Mume wangu alicheka, akasema mzee anazeeka, sasa kila shamba ni lake. Mimi sikucheka. Kola ya shati lile jeupe ilikuwa imelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, mkono umeukunjia tumboni. Watu kama hao niliwaona kila siku kazini. Mtu anayejua kifua kinambana akipanda mlima hujifunza kusimama kwa heshima: anafunga kamba ya kiatu, anaangalia simu, anasalimia watu asiowajua. Yeye alisifia mahindi.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilimsumbua mume wangu, mume wangu akamsumbua mama yake, mama yake akamsumbua mzee, na kwa njia hiyo ndefu neno langu likafika. Mwanzo alikataa. Alisema ametembea njia ya reli miaka yote hiyo, leo atembee juu ya mpira ndani ya nyumba ili iweje? Mwishoni alikubali, naamini kwa sababu mama mkwe alilia. Tukampangia siku mwezi wa Desemba.

Alikuja amevaa suti. Shati jeupe, tai ya kahawia, viatu vimepakwa rangi. Mume wangu alikuwa naye, amemshika kiwiko, naye anakiondoa kiwiko kila baada ya hatua mbili. Alipoiona mashine aliipenda. Aliinama akaangalia chini yake, akagusa bolti za fremu kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Nikajiambia, bwana asifiwe, huyu atapanda mwenyewe.

Kisha daktari akasema, kwa upole wake ule, "Sasa mzee, toa koti, toa shati. Mama hapa atafunga waya."

Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Sidhani kuna aliyemwambia kuwa kazi yangu ndiyo hiyo. Alijua nafanya kazi hospitali, labda alidhani nagawa dawa. Akaitazama sinia niliyoishika, yenye wembe na pamba na vibandiko. Akashika kifungo cha juu cha shati, siyo kukifungua, kukihakikisha kimefungwa.

"Daktari," akasema, "huyu mama ni mke wa mtoto wangu. Amenipikia ugali. Mimi siwezi kukaa kifua wazi mbele yake."

"Mimi nitafunga waya. Yeye atageuka."

"Halafu nikitembea?"

Daktari alielewa. Akitembea, lazima mtu amtazame usoni na kifuani muda wote. Mwenzangu hakuwapo, alikuwa amechukua likizo kwenda kwao kupiga kura na kula Krismasi, kama nusu ya mji mwaka ule. Daktari hangevunja sheria yake, na mimi nisingetaka aivunje, hasa kwa mzee huyu. Nilisema, "Baba, hapa mimi ni muuguzi tu." Nilimsemesha moja kwa moja, kosa lenyewe hilo. Akageuza uso ukutani kunistahi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa uchi.

"Mwambie mama asione vibaya," alimwambia mume wangu. "Yule kijana wao akirudi Januari, nitakuja."

Mume wangu akasema basi tumpeleke Nairobi. Mzee akauliza Nairobi ya nini, Januari si ni hapo tu? Daktari alimpeleka nyuma ya pazia, akamsikiliza kifua kwa kupitisha mkono chini ya shati, akatoka na uso usionipendeza. Alimpa dawa, akamkataza kulima na kubeba mizigo, akamwambia asikose Januari. Waliagana vizuri. Kila mtu alikuwa ameridhika, heshima imelindwa, na mimi nilibaki chumbani na sinia yangu nikiwa nimekasirika hivi kwamba nilivitupa vile vibandiko vyote kwenye ndoo ya taka, vipya, havijafunguliwa.

Kilichofuata kila Mkenya anakijua. Kura zikapigwa, matokeo yakabishaniwa, kisha nchi ikaanza kuungua. Mwenzangu alituma ujumbe kutoka kwao: yuko salama, barabara hakuna, atarudi zikifunguka. Siku ya mzee ikafika na kupita. Daktari alisema tutampa nyingine. Nakuru mjini tulikuwa bado tunajidanganya kwamba kwetu hakutafika, tunapokea watu waliokimbia huko Molo na Kuresoi, tunawapa blanketi, tunasema poleni.

Mwishoni mwa Januari kukafika. Asubuhi moja moshi ulikuwa upande wa mitaa ya Rhonda na Kaptembwo, kufika saa nne ulikuwa kila upande. Rongai nako majirani walikuwa wameanza kuchomewa nyumba. Mume wangu alitoka mapema kutafuta gari la kuwaleta wazazi wake, akakwama upande wa pili wa mji, akapiga simu kuniambia hawezi kuvuka, nisifungue mlango. Simu ya mama mkwe haikupatikana. Nilikaa na watoto chini ya meza, nikiwaambia ni mchezo, na wao wakiwa wakubwa vya kutosha kujua si mchezo.

Tulikuwa tunaishi mtaa ulio kando ya reli. Alasiri nikasikia mama mkwe akiita jina la mume wangu nje. Nikachungulia. Walikuwa wamesimama langoni, wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Barabara zilifungwa, kwa hiyo mzee aliwapitisha njia aliyoijua yeye: reli. Walitembea kutoka Rongai hadi Nakuru kwa kukanyaga mataruma yaliyolazwa chini ya vyuma, yeye mbele na mzigo wa nguo begani, mama mkwe nyuma na blanketi. Aliyekatazwa kubeba mizigo. Walidhani mjini kuna usalama.

Nilifungua lango. Hakuingia. Alikuwa amevaa koti na shati lake jeupe, vifungo vyote hadi shingoni, ameshika nguzo ya lango kwa mkono mmoja. Aliangalia sukuma wiki nilizopanda kwenye magunia kando ya ukuta.

"Mwambie mama," akamwambia mkewe, "sukuma zake zimeshika vizuri."

Sukuma zenyewe zilikuwa zimekauka, manjano, zimefunikwa na jivu. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu hilo hilo.

Nikasema twende ndani, alale. Akatikisa kichwa. Baba halali nyumbani kwa mwanawe. Akasema baraza inamtosha. Nikaburuta kiti, tukamkalisha. Nilimpa aspirini atafune, nikampigia daktari, na kwa bahati simu ikaingia. Alisikiliza. Akaniuliza kama kuna gari, nikamwambia kwenye njia ya kutoka mtaani kuna matairi yanawaka na watu wenye mapanga. Yeye mwenyewe alikuwa amejifungia na familia yake upande wa pili wa mji.

"Wewe fungua shati, mama," akasema. "Angalia yeye anapumua aje. Kama moyo inasimama, wewe bonyeza kifua, usiache. Usiogope."

Nilimwambia mama mkwe amfungue mumewe shati. Alijaribu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa safari, na kifungo kile cha juu kilikuwa kimebana shimoni. Alikivuta, akashindwa, akaanza kulia kwa sauti. Nikapiga magoti mbele ya kiti. Nikanyoosha mkono na mkono ukasimama hewani, mbali na kola kwa upana wa kiganja tu. Miaka ya kuvua mashati ya wakubwa na wachungaji, na sikuweza.

Mzee aliuona mkono wangu. Akanitazama, siyo ukutani, siyo kwa mkewe, mimi. Akainua mkono wake mwenyewe taratibu, akafungua kifungo cha juu kwa kidole na gumba kama mtu aliyezoea kufungua bolti. Akafika cha pili, mkono ukamwanguka.

"Fungua, mama," akaniambia.

Nilifungua. Vilivyobaki nilivikata kwa kuvuta, vikaruka sakafuni. Kifua chake kilikuwa chembamba, cheupe kuliko shingo, chenye nywele chache za mvi, na kovu dogo chini ya bega ambalo sikulijua. Niliona pale ambapo ningenyoa. Niliona mahali pa kila waya. Alipumua mara chache, akakoroma, macho yakageuka, nikamlaza chini kwenye saruji nikaanza kubonyeza. Nilibonyeza na mama mkwe akilia na watoto wakiangalia dirishani na moshi ukitupitia. Nilibonyeza mpaka mikono ikaisha nguvu, nikaendelea kwa uzito wa mwili, mpaka mama mkwe akaniwekea mkono mgongoni akasema, "Mwanangu, amekwenda. Mwache apumzike."

Sikumwacha mara moja.

Tulimzika barabara zilipofunguka, huko kwao magharibi. Baada ya mazishi, shangazi ya mume wangu, mwanamke mkubwa mwenye sauti, aliuliza mbele ya wote jikoni jambo ambalo lilikuwa limezunguka kwa kunong'onezana tangu maiti ifike: ni nani aliyemfungua marehemu shati? Maana kama ni mkwe, kuna mambo ya mila ya kufanywa ili atakaswe. Mimi nilikuwa naosha masufuria, sikugeuka.

"Alifungua mwenyewe," mama mkwe akasema, akiendelea kupepeta mchele. "Mimi nilikuwepo."

Hakuna aliyeuliza tena.

Kwa muda mrefu nilikuwa na hasira na kila kitu. Nilikasirikia kura, barabara, likizo ya mwenzangu, heshima yetu nzima na kifungo kimoja cha shati. Mzee mwenyewe nimejaribu kumkasirikia, nikashindwa. Daktari aliniambia hata tungempima Desemba pengine yangekuwa yale yale. Alisema pengine, na alisema akiangalia dirishani. Mwenzangu aliporudi mwezi wa tatu, aliona kwenye daftari tulichoandika Desemba, akaniuliza yule mzee wa Rongai mbona hajaletwa, sasa yeye amerudi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na daktari ndiye aliyemweleza.

Kazi niliendelea nayo. Mdomo wangu ulipungua, siwaambii tena watu hatupigi picha. Lakini akija mzee wa makamo yale, mwenye shati lililofungwa hadi shingoni, huwa nashikilia sinia kwanza na kumwuliza swali ambalo haliko kwenye utaratibu wowote wa kliniki.

"Baba, mimi ni mkwe wako?"

Wazee hucheka sana. "Wewe? La, mama. Umkwe tuutoe wapi?"

"Basi vua shati," nawaambia, nao huvua.